Leseni huria ndiyo iliyojenga biashara ya vitabu vya michezo ya kuigiza mezani: tuijue kabla hatujachapa cha kwetu

Dadu Ishirini (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye kundi letu la Jumamosi hapa Dodoma kuna swali linarudi kila tukikaa, na kila mtu analijibu kwa kubahatisha. Tumeandika kisa cha misafara ya karne ya 19 inayokatisha Ugogo, tunakichezea kwa kanuni za Dungeons & Dragons, na sasa wenzetu wanataka tukichape tukiuze. Je, tutakuwa tumeiba kazi ya watu? Nimezisoma leseni zinazohusika kipengele kwa kipengele, na naona historia yake itawafaa hata waandishi wa riwaya na wachora vibonzo humu ndani. Vumilieni, ni ndefu.

Kwa wasioijua michezo hii: watu wanne au watano mnakaa mezani. Mmoja anaongoza simulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake. Mhusika wako akitaka kuruka korongo, unarusha dadu, na kitabu cha kanuni kinasema namba gani inatosha. Hakuna fainali wala kombe. Kinachouzwa ni vitabu: vya kanuni, vya visa, vya viumbe, vya ulimwengu mnaouchezea. Kwa hiyo tunapoongelea michezo hii kama biashara, tunaongelea uchapishaji.

Mchezo wa kwanza wa aina hii, Dungeons & Dragons wenyewe, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapwa na kampuni ya TSR ya mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. TSR ilijulikana kwa kuwapenda mawakili. Intaneti ilipoanza kusambaa miaka ya 1990, mashabiki waliokuwa wakiweka mtandaoni visa walivyobuni wenyewe waliandikiwa waviondoe. Kampuni ya Mayfair Games, iliyouza vitabu vinavyoendana na mchezo huo, ilifikishwa mahakamani. Hata Gygax mwenyewe, alipokwisha ondoka TSR akatunga mchezo mwingine uliochapwa na kampuni ya GDW, alikumbana na kesi kutoka kwa kampuni aliyoianzisha. Katika hali hiyo, mchapishaji mdogo mwenye akili timamu alikaa mbali.

Mwaka 1997 TSR ilikuwa hoi kwa madeni na vitabu vilivyorudishwa na msambazaji, ikanunuliwa na Wizards of the Coast, wale wa karata za Magic. Miaka miwili baadaye Hasbro ikainunua Wizards yenyewe. Hapo ndipo anaingia Ryan Dancey, aliyekuwa akisimamia biashara ya mchezo huu.

Dancey aliona jambo ambalo ukishaelezwa unajiuliza kwa nini halikuonekana mapema. Kundi la watu watano linahitaji kitabu kimoja tu cha kisa, na anayekinunua ni yule anayeongoza. Kitabu cha kanuni kinaweza kununuliwa na wote watano. Kwa hiyo visa vinakula gharama ya kuandika na kuchora, na faida yake ni kiduchu. Lakini visa vikikosekana, kanuni nazo hazisogei, kwa sababu watu hawana cha kucheza. Hoja yake ikawa: tuwaachie wengine waandike visa, sisi tuuze kanuni. Kila atakayeandika kisa chake kwa kanuni zetu anatuletea wanunuzi.

Namna ya kuifanya aliichota kwa watu wa programu huria. Richard Stallman alikuwa ameshaonyesha kwa leseni yake ya GPL kwamba hakimiliki inaweza kutumika kuruhusu, na ruhusa hiyo ikamfuata kila anayeipokea. Mwaka 2000 Wizards ikatoa Open Game License, wengi wanaiita OGL, pamoja na hati ya kanuni za msingi inayojulikana kama SRD. Ukichukua kilichomo kwenye SRD, unabadilisha, unauza, hulipi mrabaha, huombi kibali. Masharti yake: uchape leseni yenyewe ndani ya kitabu chako, uonyeshe sehemu gani ya kazi yako iko huru na ipi ni mali yako, na uwataje wote uliochota kwao.

Hili la mwisho ningependa mlione kwa macho. Chukua kitabu chochote cha enzi zile, fungua kurasa za mwisho kabisa. Kuna maandishi madogo yanayoumiza macho, leseni nzima imechapwa hapo, na kipengele cha 15 ni orodha ya majina. Wizards wapo juu. Chini yao yupo aliyebuni kiumbe fulani, chini yake aliyekirekebisha, na mwishoni mwenye kitabu ulichoshika. Vitabu vingine orodha inajaa ukurasa. Ukiisoma unajua kila kazi imetoka wapi na imepita mikononi mwa nani, na hakuna aliyemwomba mwenzake ruhusa hata kwa barua moja.

Toleo la tatu la mchezo lilizinduliwa Agosti 2000 kwenye tamasha la Gen Con, na siku zilezile tayari kulikuwa na visa vya kampuni nyingine mezani: Atlas Games walileta Three Days to Kill, Green Ronin wakaleta Death in Freeport. Green Ronin ilikuwa kampuni changa kabisa, na ipo hadi leo.

Nitaendelea na 2008 na 2023, maana huko ndiko kwenye somo. Kwanza nawasikiliza.

Chilonwa Boy

Mkuu umeeleza vizuri, ila mimi sikubaliani na sifa unazoipa hiyo kampuni. Umesema mwenyewe: waliwaachia wengine kazi isiyolipa, wao wakabaki na inayolipa. Hapo ukarimu uko wapi?

Dadu Ishirini

Mkuu Chilonwa, sikusema ukarimu popote, na Dancey naye hakuificha hesabu yake. Ninachokitetea ni kitu kingine: leseni ikishatoka mkononi mwa mtoaji, nia yake haina maana tena. Mtoaji anaweza kuwa na tamaa, akafilisika, akauzwa, akabadilisha uongozi. Aliyepokea anabaki na haki yake. Dancey alikuja kueleza kwamba alikuwa na lengo la pili, kuhakikisha mchezo ule hauwezi kuondolewa sokoni kwa uamuzi wa pupa wa wamiliki wake. Aliyaona ya TSR, kampuni ikikaribia kuzama na mchezo wake.

Wakili wa Makole

Naomba niongeze upande wa sheria, kwa sababu watu wengi humu wanadhani kanuni za mchezo zina hakimiliki.

Hakimiliki hailindi mfumo wala wazo. Inalinda namna ulivyoliandika. Huko Marekani hili lina historia ndefu: katika kesi ya Baker na Selden ya karne ya 19, Selden alikuwa ameandika kitabu kinachofundisha mfumo wa kutunza hesabu, na kilikuwa na fomu zake. Baker akatoa fomu zinazofanana na zile. Mahakama ya juu ya nchi hiyo ikasema kitabu cha Selden kinalindwa, lakini mfumo wa kutunza hesabu uko wazi kwa kila mtu. Leo msimamo huo umeandikwa kwenye kifungu cha 102(b) cha sheria yao. Na sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina mwelekeo huohuo: kazi iliyotungwa inalindwa, wazo tupu halilindwi.

Kwa hiyo kurusha dadu ya pande 20, kuongeza namba, kulinganisha na ugumu wa jambo, hakuna wa kukushtaki kwa hilo. Lakini maneno yanayoeleza uchawi fulani, maelezo ya kiumbe, mpangilio wa sura, hapo umeshaingia kwa mwenyewe. Na mpaka kati ya kanuni na maelezo ya kanuni hauko kama mstari wa chaki. Ukitaka kujua uko wapi hasa, unaujua mbele ya jaji, kwa gharama yako. Mchapishaji mdogo hata akiwa na haki anaweza kufilisika kabla ya hukumu. Hapo ndipo leseni inapopata thamani: ni ahadi ya maandishi kwamba ukikaa ndani ya masharti haya hatutafika mahakamani.

Binti Mpwapwa

Wakili ahsante sana. Mimi ni mchoraji, kuna mtu aliniambia nikisajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndipo inakuwa yangu. Ni kweli?

Wakili wa Makole

Hapana dada. Haki inazaliwa pale kazi inapotungwa. Usajili unakusaidia kwenye ushahidi siku mkibishana na mtu, kwa hiyo usiudharau, lakini usidhani mchoro usiosajiliwa hauna mwenyewe.

Dadu Ishirini

Nakazia alichosema Wakili, halafu naendelea.

Mwaka 2000 hazikutoka leseni moja, zilitoka mbili, na tofauti yake ndiyo mada yenyewe. Ya kwanza ni OGL niliyoieleza. Ya pili ilihusu alama ya d20, ile nembo iliyokaa kwenye jalada kumwambia mnunuzi kwamba kitabu hiki kinaendana na mchezo anaoujua. Nembo ilikuwa na masharti makali zaidi: kitabu chako kisieleze namna ya kuunda mhusika, ili mchezaji alazimike kununua kitabu cha Wizards. Na Wizards walikuwa na uwezo wa kuyabadilisha masharti hayo au kuifuta leseni yenyewe.

Miaka ya mwanzo wengi waliifuata nembo, kwa sababu ndiyo iliyouza. Wachache wakagundua kwamba OGL peke yake haina kizuizi kile. Ukiacha nembo, unaweza kuandika mchezo mzima unaojitegemea, na kuunda mhusika kumo. Green Ronin walifanya hivyo mwaka 2002 na Mutants & Masterminds, mchezo wa mashujaa wenye nguvu za ajabu, ambao mchezaji hahitaji kitabu kingine chochote.

Mwaka 2008 likaja toleo la nne. Wizards wakabadilisha mawazo. Leseni ya nembo ya d20 ikasitishwa, na waliokuwa na vitabu vyenye nembo ile ghalani wakapewa muda wa kuviuza kisha basi. Leseni mpya ya toleo la nne ilikuja na sharti lililowakimbiza wengi: ukihamishia mfululizo wako wa vitabu kwenye leseni mpya, uache kuuchapa chini ya OGL. Kwa maneno mengine, urudishe ulichopewa.

Paizo, kampuni ya Lisa Stevens, ilikuwa ikichapa majarida mawili ya mchezo huu kwa kibali, na kibali chenyewe kilikwisha 2007. Walikuwa na waandishi, wasomaji waliozoea kupokea kitu kila mwezi, na hawakuwa tena na jarida. Wakaangalia leseni mpya, wakaangalia ya zamani, wakabaki na ya zamani. Wakachukua kanuni za toleo la tatu na nusu, wakazirekebisha, wakaziweka mtandaoni wasomaji wazijaribu kwa muda mrefu, na Agosti 2009 wakatoa Pathfinder. Kufikia 2011 orodha ya mauzo ya madukani inayotolewa na ICv2 ilikuwa inaiweka Pathfinder juu ya Dungeons & Dragons.

Tafakarini hilo. Kampuni iliyotoa leseni ilipitwa sokoni na mchezo uliojengwa juu ya leseni hiyohiyo, kihalali, na haikuwa na la kufanya. Ile leseni iliyoweza kufutwa ilifutwa. Ile isiyofutika iliokoa ajira za watu.

Hapa kwetu mtu haweki tofali kwenye kiwanja ambacho mwenyewe anaweza kuamka kesho akakitaka. Anaweka banda la mabati. Vitabu vingi vyenye nembo vilikuwa mabanda; Pathfinder ilikuwa nyumba.

Steshenari Ng'ong'ona

Mimi nina duka la kuchapa na kubaindi jirani na chuo, naangalia hili kwa jicho la karatasi. Mleta uzi umeruka kipande. Hiyo leseni ya 2000 ilileta mafuriko. Kila mwenye kompyuta akawa mchapishaji, maduka yakajaza rafu vitabu ambavyo vingine havikupitia hata mikono ya mhariri. Halafu 2003 wakatoa toleo la tatu na nusu, na vitabu vya zamani vikageuka mzigo. Wenye maduka ndio walioumia, wakaacha kuagiza, na wachapishaji wakafa kwa wingi. Uhuru wa kuchapa haumfundishi mtu kuandika.

Dadu Ishirini

Umesema kweli mkuu, na sikusudii kuificha. Mafuriko yalikuwepo na yaliwabeba wazuri na wabaya. Ila angalia waliobaki baada ya maji kupungua: Green Ronin, Paizo, Goodman Games. Wote walijifunzia humo. Kabla ya 2000 mwandishi chipukizi wa michezo hii alikuwa na mlango mmoja wa kubisha. Baada ya 2000 alikuwa na mingi, na mlango wa kwake mwenyewe.

Na kuna tunda jingine ambalo nadhani hata Dancey hakulitarajia. Vitabu vya miaka ya 1970 na 1980 vilikuwa havichapwi tena. Wazee waliokulia kwenye michezo ile wakagundua kwamba kwa maneno yaliyofunguliwa na SRD, ukichanganya na kanuni zisizo na hakimiliki, unaweza kuuandika upya mchezo wa zamani kihalali. Mwaka 2006 ikatoka OSRIC, iliyofufua toleo la kwanza. Ikafuata Labyrinth Lord, ikafuata Swords & Wizardry. Kutoka hapo likakua tawi zima la wachapishaji wadogo, wengi wakiwa mtu mmoja na meza yake, wanaouza vijitabu vyembamba vyenye mawazo ambayo kampuni kubwa isingethubutu. Mimi binafsi naona kazi bora za miaka ishirini iliyopita zimetoka huko.

Mwl. Kondoa

Na 2023? Nakumbuka kulikuwa na kelele kubwa mitandaoni.

Dadu Ishirini

Mwalimu, twende huko.

Toleo la tano lilitoka 2014, na 2016 Wizards wakalifungulia SRD yake chini ya OGL ileile. Watu wakarudi kujenga. Tarehe 5 Januari 2023, mwandishi Linda Codega wa tovuti ya io9 akachapisha habari za rasimu ya leseni mpya iliyovuja. Ndani yake: OGL ya zamani haitambuliki tena. Ukiingiza zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, utoe taarifa. Ukivuka dola 750,000, ulipe mrabaha wa asilimia 25 ya kinachozidi, ukikokotolewa kwenye mapato, siyo faida. Mtu wa steshenari atatuambia kama kuna mchapishaji anayebaki na robo ya mapato baada ya karatasi, wino na usafirishaji. Na juu yake, Wizards wapate haki ya kutumia kazi utakayoiandika wewe.

Wangewezaje kuifuta leseni ambayo watu waliijengea kwa zaidi ya miaka ishirini? Hapa tusome kwa karibu. OGL inasema ruhusa ni ya kudumu. Haikusema haiwezi kubatilishwa. Na kipengele cha 9 kinasema unaweza kutumia toleo lolote la leseni hii lililoidhinishwa. Mawakili wa kampuni wakaona mlango hapo: tukitangaza kwamba toleo la zamani halijaidhinishwa tena, basi limekufa. Walioiandika 2000 walijitokeza kusema hiyo haikuwa nia yao kabisa. Lakini nia ya mwandishi wa mkataba na maneno ya mkataba ni vitu viwili, na biashara za watu zilikuwa zimekaa juu ya neno moja ambalo halikuandikwa.

Mashabiki walichachamaa. Watu walifuta usajili wao wa kulipia kwenye D&D Beyond, huduma ya mtandaoni ya mchezo huu, yaani walienda kwenye kinacholeta fedha. Paizo wakatangaza tarehe 12 Januari kwamba wanatengeneza leseni mpya, ORC, ambayo haitamilikiwa na kampuni yoyote ya michezo, na wakamweka Brian Lewis kwenye kazi hiyo, wakili aliyekuwa Wizards OGL ilipoandikwa. Chaosium, Kobold Press, Green Ronin na wengine wakaunga mkono. Paizo wenyewe walisema akiba ya vitabu waliyotarajia iwatoshe miezi minane iliisha ndani ya wiki mbili.

Wizards wakaleta rasimu nyingine, wakaomba maoni, wakapata majibu zaidi ya 15,000. Asilimia 88 walisema hawataki kuchapa chini ya rasimu hiyo. Tarehe 27 Januari kampuni ikarudi nyuma: OGL ya zamani ikaachwa ilivyo, na SRD 5.1 nzima, kama kurasa 400, ikawekwa chini ya leseni ya Creative Commons ya CC BY 4.0, inayomruhusu yeyote kutumia kazi mradi amtaje mwenyewe. Leseni hiyo haikuandikwa na Wizards, hawawezi kuibadilisha, na imeandikwa waziwazi kwamba haibatilishwi. Aprili 2025 wakafanya hivyohivyo kwa SRD 5.2 ya kanuni zilizosahihishwa.

Mwalimu, ndiyo maana nasema kilichojenga biashara hii ni uhakika. Vitabu havikuwa vimepanda bei wala kanuni hazikuwa zimeharibika Januari ile. Kilichotikisika ni imani kwamba ruhusa ya jana itakuwepo kesho, na hilo peke yake lilitosha kampuni nzimanzima kubadilisha mipango. Paizo waliandika upya vitabu vyao vya msingi wakaondoa kila kilichotegemea OGL, vikaanza kutoka mwishoni mwa 2023. Kobold Press wakatengeneza mchezo wao, Tales of the Valiant. Hata baada ya Wizards kurudi nyuma, hawa hawakurudi.

Chilonwa Boy

Hapo sasa nakuelewa. Ila bado swali langu: sisi huku Dodoma linatuhusu nini? Nani atanunua kitabu cha michezo hii?

Dadu Ishirini

Linatuhusu hivi. CC BY inaruhusu kutafsiri. Baada ya 2023 Wizards walitoa SRD 5.1 kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hawakukigusa, na hatuhitaji kuwasubiri. Tunaweza kuitafsiri wenyewe kesho asubuhi, tukaichapa kwa Steshenari hapo, tukaiuza Nyerere Square, tukaiweka mtandaoni bure au kwa bei, bila kumwandikia mtu yeyote barua. Haki hiyo ipo sasa hivi mkononi mwetu. Wangapi wanajua?

Kuhusu wanunuzi, mkuu, watoto wetu wanasimuliwa visa tangu hawajajua kusoma. Kwenye meza yetu hata dadu ya pande 20 hatuna, tunakata vikaratasi vyenye namba tunavitia kwenye kikombe. Na juzi wanafunzi wawili wa UDOM waliokuja kuangalia tu walikaa mpaka giza likaingia, msafara umekwama Marenga Mkali, maji yamekwisha, wapagazi wanataka kutoroka, na mbele kuna mtemi anadai hongo kabla hajawaruhusu kufika kisimani. Hakuna aliyewaambia mchezo huu ulibuniwa Wisconsin.

Binti Mpwapwa

Hapo kwenye Marenga Mkali umenikosha. Maswali mawili. Picha za kwenye vitabu vyao naweza kuzichora upya? Na hadithi za kwetu, za babu zetu wa Kigogo, tukiziweka kwenye kitabu halafu tukakiachia kwa leseni huria, hatutakuwa tumegawa cha ukoo?

Dadu Ishirini

Dada, la kwanza ni rahisi. Kilichofunguliwa ni maandishi ya SRD. Picha za vitabuni hazimo, nembo haimo, jina la mchezo ni alama ya biashara yao. Jaladani unaruhusiwa kusema kitabu kinaendana na toleo la tano, unaishia hapo. Chora cha kwako kuanzia karatasi tupu, na usichore kwa kuangalia chao.

La pili naomba Wakili atusaidie, ila maoni yangu ni haya: leseni inagusa kile tu unachokitaja. Tuandike kwenye kitabu kwamba kanuni na namba za viumbe ziko huru chini ya CC BY, na kwamba majina, simulizi na picha ni mali ya waandishi. OGL ilikuwa na mgawanyo huohuo tangu 2000, na Wizards walijiwekea majina ya viumbe wao wanaopendwa zaidi. Walichojihifadhia wao, na sisi tunaweza kujihifadhia.

Wakili wa Makole

Nakubaliana na mgawanyo. Ila hadithi za jadi si mali yako wewe mwandishi hata ujihifadhie. Sheria ya 1999 ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi, na matumizi ya kibiashara nje ya mazingira yake ya asili yana utaratibu wa kibali. Kuchota kutoka kwenye jadi ili utunge kazi yako mpya ni tofauti na kunakili ngano kama ilivyo ukaiuza. Tungeni. Mkitaka kuweka ngano kamili, anzeni kwa kuuliza BASATA, baraza la sanaa la taifa, na kabla ya hapo muulizeni mzee aliyewasimulia.

Mwl. Kondoa

Swali la mwisho kwangu. Kati ya ORC na CC BY tuchukue ipi?

Dadu Ishirini

Mwalimu, ORC ilikamilika Juni 2023 na ina sifa moja naipenda: ukichukua kanuni za mwenzako chini yake, maboresho yako kwenye kanuni nayo yanakuwa huru kwa wengine, huku simulizi na majina yakibaki yako bila hata kuyaorodhesha. Kwa watu wanaotaka kujenga pamoja ni nzuri. CC BY haimlazimishi mtu kurudisha kitu. Mtu anaweza kuchukua tafsiri yetu, akaongeza sura, akaifungia yake.

Hata hivyo napendekeza CC BY kwa tafsiri, kwa sababu SRD yenyewe imetoka chini ya leseni hiyo, na kwa sababu mwalimu wa Kondoa au mtu wa redio Singida akitaka kuitumia asihitaji wakili wa kumsomea. Kisa cha misafara ni chetu, tutaamua baadaye.

Steshenari Ng'ong'ona

Basi niambieni ukurasa wa nyuma niandike nini. Sitaki kuchapa halafu tuanze kubandika vikaratasi juu yake.

Dadu Ishirini

Mkuu, vitu vinne. Kwanza, kwamba kitabu kina maandishi yaliyochukuliwa kwenye System Reference Document 5.1 ya Wizards of the Coast LLC, pamoja na anwani ya mtandaoni inakopatikana. Wameandika wenyewe sentensi ya kutumia, tutainakili ilivyo kisha tuweke Kiswahili chake chini. Pili, jina la leseni, CC BY 4.0, na kiungo chake. Tatu, kwamba tumetafsiri na kubadilisha, tuseme wapi. Nne, sentensi yetu wenyewe inayosema kipi kwenye kitabu hiki kiko huru na kipi siyo.

Nyuma ya hapo weka majina ya watafsiri, kila mtu na sura yake. Mwalimu nimekuweka kwenye mapigano, Binti Mpwapwa kwenye viumbe, mimi nabaki na uchawi. Wakili tunakuomba usome kabla hakijaenda kwenye mashine. Anayetaka sura iliyobaki aandike hapa chini.

Chilonwa Boy

Niwekeni kwenye vifaa na bei. Ile orodha ya panga, kamba na vibuyu vya maji naiweza.